Mama Chumvi na Mlimau wa Mwisho

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke mwenye kofia pana ya ukindu anapiga magoti kando ya mfuniko wa chuma, katikati ya uwanja wa mawe. Anaufunua, anashusha kopo lililofungwa kamba, analivuta juu likiwa nusu ya maji. Hanywi. Anachovya kidole, anakilamba, kisha anafumba macho kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu.

"Matamu," anasema, na kumgeukia mwanamume aliyesimama nyuma yake akipiga miayo. "Haya, shemeji, na wewe."

"Si nimeonja jana?"

"Jana ilikuwa jana. Chovya."

Mwanamume huyo, nahodha wa boti inayoleta wageni kisiwani, anachovya na kulamba. "Matamu. Yakizidi hapa utaacha kununua sukari."

Ndipo ndoo ya kwanza inajazwa. Bila ndimi mbili kukubaliana, hakuna mmea unaopata tone, hata kama majani yamejikunja kwa kiu.

Kwenye karatasi za ofisi, mwanamke huyu mwenye umri wa miaka hamsini na minne ni mtunza bustani daraja la pili. Bandarini kila mtu anamwita Mama Chumvi. Jina hilo alipewa na huyo huyo nahodha, na mwanzoni lilimuuma hadi akamnunia wiki nzima. Siku hizi amelishona kwa uzi mwekundu mbele ya kofia yake.

"Nimelichuma mwenyewe kwa jasho," anasema. "Kwa nini nilionee haya?"

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Mwandishi wa makala haya alikizunguka chote kwa miguu kwa dakika kumi na nane, mbili kati ya hizo akifunga kamba za viatu. Kutoka bandarini ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa boti ya injini, dakika ambazo tumbo la mwandishi halitaki kukumbushwa. Unashukia kwenye ngazi za mawe zenye utelezi wa mwani, unapita lango lisilo na mlango, na mbele yako limesimama jengo refu lenye madirisha membamba.

Zamani, abiria wa meli waliokuwa wagonjwa, au waliodhaniwa wagonjwa, walizuiliwa humu siku arobaini kabla ya kuruhusiwa kukanyaga mjini. Kwenye kuta za vyumba bado vipo vistari walivyokwangua wakihesabu siku. Chumba cha tatu kina vistari thelathini na nane, kisha ukuta mtupu.

"Wageni huniuliza, huyu wa thelathini na nane alikufa au aliachiwa mapema?" anasema Mama Chumvi. "Nawaambia aliachiwa. Mimi sijui. Lakini nawaambia aliachiwa."

Bustani iko nyuma ya jengo, imepangwa kwa ngazi tatu zinazoshuka kuelekea baharini. Kuna asumini zilizopanda ukuta, mikomamanga, mawaridi machache yenye tabu zake, na njia nyembamba za mawe ambapo wageni hupiga picha bahari ikiwa nyuma yao. Ngazi ya katikati, iliyo pana kuliko zote, ina mti mmoja tu. Ni mlimau, mfupi, umepinda upande wa kushoto. Kuuzunguka kuna mashimo sita yaliyojazwa udongo na kusawazishwa.

Mti huo ndio habari yenyewe.

Wagonjwa wa zamani walipewa limau kila siku kama sehemu ya dawa. Mbegu walizifukia huku nyuma, pengine kwa kukosa kazi ya kufanya, na wengi waliondoka kabla hazijachipua. Mti uliopo leo si mmoja wa ile yenyewe. Kila mtunza bustani, mlimau unapoanza kuchoka, huukata kijiti na kukifunga kwenye shina la mche mchanga hadi vishikane. Kazi hiyo wenyewe wanaiita kubebesha. Kwa njia hiyo malimau ya wagonjwa yamepita mkono hadi mkono, na miaka kumi na tisa iliyopita yalifika mkononi mwa Mama Chumvi.

Aliyemkabidhi, mtunza bustani aliyemtangulia, alimpa panga, mkasi wa kupogolea na onyo moja.

"Aliniambia, kisiwa hiki hakina mto wala chemchemi," anakumbuka. "Maji yote ya bustani ni mvua ya paa inayoingia kwenye tangi la mawe, hapa chini ya uwanja. Na bahari iko hatua hamsini tu. Akaniambia, siku bahari ikipenya, macho hayatakwambia kitu, maji ni yale yale meupe. Ulimi ndio utakwambia. Onja kila asubuhi."

Akaonja kila asubuhi kwa miaka kumi na saba. Hakuwahi kukuta chumvi hata mara moja.

Kisha likaja jino.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kulia, na lilimtesa mwezi mzima kabla hajapiga moyo konde na kwenda kuling'oa. Daktari wa meno alimpa vidonge na maagizo ambayo kila aliyewahi kung'olewa jino anayajua: asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni. Kidonda kilipata usaha, kwa hiyo siku chache zikawa wiki tatu. Mama Chumvi alikuwa akitoka nyumbani na chupa yake ya maji ya chumvi, anasukutua ndani ya boti, anatema baharini, anashuka kisiwani, anaonja maji ya tangi.

"Nilikuwa nayaona matamu," anasema. "Ulimi uliotoka kwenye chumvi kali, chumvi kidogo utaitambuaje? Mimi sikuliwaza hilo. Nani angewaza? Nilikuwa nafuata maagizo mawili ya watu wawili wenye akili zao."

Katika wiki hizo hizo, ufa ulifunguka chini ya tangi. Kilikuwa kiangazi, maji ya mvua yamepungua, na kila bahari ilipojaa ilisukuma maji yake kidogo kidogo hadi ndani. Mama Chumvi akamwagilia kwa bidii kuliko kawaida, kwa kuwa majani ya milimau yalikuwa yameanza kuungua pembeni. Kadiri yalivyoungua, ndivyo alivyoongeza ndoo.

Siku ufizi ulipopona aliiacha ile chupa nyumbani. Akafika, akafunua mfuniko, akachovya, akalamba.

"Nikatema," anasema. Anavuta kofia mbele. "Nilikaa pale pale kwenye mfuniko. Niliangalia ile miti, nikasema, mimi ndiye niliyeinywesha."

Hakumwambia mtu. Hilo analisema mwenyewe, bila kuulizwa mara ya pili. Aliacha kumwagilia, akajitia hamnazo, akangoja. Ofisi ya hifadhi inayosimamia kisiwa ilipoona milimau sita imekauka, ilimleta mtaalamu wa mimea. Mtaalamu alichuma majani, akayatia kwenye mifuko, akarudi mjini na boti ya saa nane. Ripoti yake ilisema ni ugonjwa wa mizizi, ulioingia pengine kwa mbolea ya samadi iliyoletwa kisiwani bila kukaguliwa.

Mbolea ile ililetwa na nahodha, kwa boti yake, kwa hisani tu. Ofisi ikamwandikia barua kwamba mkataba wake wa kubeba wageni utasitishwa. Ikaagiza pia mlimau wa saba ung'olewe usije ukaambukiza mimea mingine.

"Huyu bwana na mume wangu wameanza urafiki kabla mimi sijaolewa," anasema. "Watoto wangu wanamwita baba mkubwa. Alikuja nyumbani na ile barua, akaniuliza mimi, eti shemeji, samadi inaua malimau? Nikainuka nikaenda kuosha vyombo."

Siku tisa alizomeza siri hiyo anazihesabu kuwa mbaya kuliko mwezi wa jino. Siku ya kumi alivaa gauni lake la harusi za watu, akaenda ofisini mjini, akakaa mbele ya meneja, akasema yote: jino, chumvi, ulimi, tangi.

"Nilidhani ananitania," anasema meneja wa hifadhi, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikono. "Miaka yote ya kazi sijawahi kupokea maelezo ya namna hiyo. Nikamtuma fundi aangalie tangi. Akaukuta ufa, unapitisha kidole."

Nahodha alirudishiwa mkataba wake. Mlimau wa saba ukaachwa. Lakini Mama Chumvi hakutoka salama. Mshahara wake ulikatwa theluthi moja kwa miezi sita, na ajira yake ya kudumu ikageuzwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nyumbani, mumewe ni fundi baiskeli na kitinda mimba wao alikuwa chuo cha ualimu. Cherehani aliyoshonea nguo za watoto wote wanne iliuzwa ili mtoto amalize muhula.

"Cherehani ningeisamehe," anasema. "Nilichoshindwa kukisamehe ni kwamba malimau yale yalipita kwa watu wote hao, yakaja kufia kwangu. Sikutaka niwe mimi wa mwisho."

Mlimau uliobaki ulikuwa hai kwa jina tu. Majani yalikuwa kumi na moja, aliyahesabu. Udongo wote wa ngazi ile ulikuwa umelewa chumvi, na dawa ya udongo wa namna hiyo ni moja: kuuosha kwa maji matamu mengi, hadi chumvi ishuke na kutoka kwa chini. Maji mengi ndicho kitu ambacho kisiwa hakina. Tangi lilizibwa kwa kiraka cha muda, na lilitosha kwa shida mimea mingine.

Hapo ndipo akawageukia wageni.

Kilianza kibao cha mbao pale bandarini, maandishi ya rangi ya bluu, kwa mkono wake: "Mgeni, njoo na chupa moja ya maji ya kunywa. Si yako, ni ya mti." Wa kwanza walicheka. Mmoja aliuliza kama mti unataka maji ya baridi au ya kawaida. Lakini nahodha aliapa kwamba asiye na chupa atakaa karibu na injini, kwenye moshi, na taratibu desturi ikashika.

Sasa ni miezi kumi na minne. Kila chupa inayomwagwa, Mama Chumvi huchora kistari kwa chaki kwenye ukuta wa stoo ya majembe, kama wale wa chumba cha tatu walivyofanya. Ukuta umejaa, amehamia wa pili. Kwa hesabu yake zimefika chupa elfu kumi na moja na ushee, na mvua mbili zilizonyesha katikati zikasaidia.

Chini ya ukuta wa ngazi ile kuna tundu dogo la kutolea maji. Amelitegea kopo. Maji yanayomwagwa juu hupita kwenye udongo, huzunguka mizizi, na baadaye hudondoka humo tone kwa tone. Kila Ijumaa huyaonja.

"Mwanzo yalikuwa chumvi tupu, unalamba unakunja uso," anasema nahodha. "Halafu yakawa kama machozi. Halafu kama mchuzi wa mtu mvivu. Sasa hivi wiki tatu, mimi sisikii kitu."

Mama Chumvi naye hasikii kitu. Tatizo ni kwamba hauamini tena ulimi wake, na wa nahodha ofisi haiuamini.

Nyuma ya stoo, kivulini, kuna makopo sita ya rangi yaliyokatwa juu, na kila moja lina mche wa mlimau unaofika magotini, uliobebeshwa kwa kijiti cha mti ule wa mwisho. Mizizi imeanza kutokeza kwa chini. Ingetakiwa iwe ardhini tangu mwezi uliopita.

"Nimeapa sipandi hata mmoja mpaka mtu mwingine aonje na aseme kwa kinywa chake," anaeleza. "Mtu ambaye angependa yawe ya chumvi."

Mtu huyo anafika leo. Mwaka jana meneja alisema wazi kwamba bustani isipofufuka hadi mwisho wa kiangazi hiki, ngazi ya katikati itasakafiwa, iwekwe viti, miavuli na friji ya soda. Alilipa na saruji kabisa. Mifuko ishirini imepangwa kando ya ukuta, chini ya turubai, hatua sita kutoka kwenye mlimau. Ngazi hiyo ikisakafiwa, mtunza bustani wa mkataba wa miezi mitatu hana cha kutunza, na kibarua chake kitaota nyasi.

Saa nne na nusu boti inatia nanga na wageni kumi na wanane, wengi wao wauguzi waliokuja kutembea siku yao ya mapumziko. Kila mmoja ana chupa. Meneja anashuka wa mwisho, ana mkoba na chupa yake ndogo, nusu ameinywa. Wauguzi wanapita mmoja mmoja mbele ya mlimau na kumwaga. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchekesha, anauambia mti, "Kunywa baba, dripu hiyo."

Mlimau, ambao ulikuwa na majani kumi na moja, leo hauhesabiki. Una maua pia, madogo, meupe, yaliyojificha upande wa baharini. Meneja anayatazama, anatikisa kichwa.

"Mama, mimi si mtu mbaya," anaanza. "Mti umependeza, nakubali. Lakini mti mmoja si bustani. Ukipanda mingine ikafa, mwakani tutakuwa hapa hapa tunaongea maneno haya haya. Udongo umepona? Nani kaupima?"

"Wewe, bosi. Leo."

Anamnyooshea kopo. Meneja anatazama ndani, anaona maji yenye rangi ya chai hafifu na kipande cha jani. Wauguzi wamesogea.

"Hii imetoka kwenye udongo," anasema.

"Onja tu. Kutema ruhusa."

"Kuna mbolea humu."

"Yangu. Ile ile ya ripoti," anasema nahodha, na wauguzi wanaangua kicheko bila hata kujua kisa.

Meneja anakunja mkono wa shati mara mbili, kwa uangalifu. Anachovya ncha ya kidole, anakigusisha ulimini. Mama Chumvi hamwangalii. Anaangalia mawe ya chini, na mikono ameifumbata nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Meneja anachovya tena, safari hii kidole kizima. Analamba, anafikiri.

"Yana ladha ya udongo," anasema.

"Na nini kingine?"

"Basi. Hayana chumvi."

Nahodha anapiga kofi moja. Mama Chumvi anavua kofia, anaishika kifuani, na machozi yanamtoka waziwazi mbele za watu. Hayafuti. Muuguzi yule mwenye sauti anamshika bega.

Meneja anaangalia pembeni, anakohoa. Kisha anafungua chupa yake na kuimwagia mlimau maji yaliyobaki.

"Na ile saruji?" anajiuliza kwa sauti. "Nimeshaisainia."

"Isirudi mjini, bosi," Mama Chumvi anasema haraka, sauti bado imelowa. "Tangi limezibwa kiraka tu. Mifuko kumi na miwili inatosha kulipiga lipu ndani, chini mpaka juu. Bahari haitaingia tena. Iliyobaki weka viti vyako kule karibu na lango. Wageni wakitoka juani ndiko wanakofikia kwanza."

Meneja anatafakari, anatembea hadi langoni, anapima kwa hatua, anarudi. Mkataba, anasema, atauandikia mwaka mmoja kamili. Ajira ya kudumu si uamuzi wake peke yake, ila barua ataiandika. Saruji ni kumi na miwili kwa tangi na minane kwa viti, na asiombwe mfuko wa kumi na tatu. Mama Chumvi anasema ahsante mara tatu, kila moja kwa sauti tofauti.

Wakati wageni wanapiga picha, yeye ameshakwenda nyuma ya stoo. Anarudi na makopo mawili kifuani. Nahodha anafuata na mengine, akilalamika kwamba yeye ni nahodha, si mchukuzi, na kwamba mgongo wake una shahada ya maumivu.

"Polepole, shemeji, hilo umelishika shingoni."

Anapiga jembe kwenye shimo la kwanza kati ya yale sita. Udongo unatoka mweusi, unanata. Anauchukua kidogo kwa vidole, anausugua, anaunusa. Anahisi ulimi wake unavyotaka kuonja, anacheka, na kumsogezea nahodha mkono. Naye anaonja bila kubishana.

Miche hiyo itazaa baada ya miaka mitatu, minne ikichelewa. Yeye atastaafu akiwa na sitini. Tayari amemwona binti mmoja anayefanya usafi kwenye jengo ambaye anapenda mimea, na Jumatatu atamwanzishia somo la kuonja maji, pamoja na onyo jipya kuhusu meno.

"Halafu nikistaafu, nitaipanda boti hii kama mtu mwingine yeyote," anasema, akiukandamiza udongo kwa viganja kuzunguka mche wa kwanza. "Sitashika jembe. Nitakuja mgeni, na chupa yangu."